Papasi, Paka na Nyumba ya Tembe katika Singida

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Watu wa siku hizi hulitumia neno hili kwa rafiki mwenye hila au jamaa mwenye husuda, hata maana yake ya kwanza imekaribia kusahauliwa. Walakini yaelekea kwamba aliyelitamka mara ya kwanza hakuwa akifikiri habari za rafiki wala jamaa, alikuwa akijikuna. Neno hilo lazaliwa na chawa, kunguni na kiroboto, viumbe ambao mtu hulala nao, huamka nao, huwalisha kwa damu yake mwenyewe, na bado hawahesabu miongoni mwa watu wa nyumbani mwake. Historia ya nchi huandikwa kwa habari za watawala, vita na biashara. Viumbe hawa huachwa nje ya kitabu, ilhali nje ya nyumba hawakuachwa hata siku moja.

Singida ni mahali panapofaa sana kwa kuitazama habari hiyo. Nchi hii, iliyopata kuwa mkoa mwaka 1963, imekaa katikati ya Tanzania juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya Wanyaturu, Wanyiramba na wenzao, na kwa upande wa Manyoni hupakana na kuchanganyika na Ugogo. Mvua yake ni chache na ya msimu mmoja. Upepo wake ni mkavu, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hupenya mifupa. Chakula chake cha asili ni uwele na mtama, na mali yake ya asili ni ng'ombe. Mtu aliyeumbiwa nchi ya namna hiyo hujenga nyumba ya namna hiyo, na nyumba hiyo ndiyo tembe.

Tembe ni nyumba fupi yenye paa bapa. Nguzo za miti husimamishwa, kuta hufumwa kwa fito na kukandikwa udongo, na juu hupangwa boriti, vijiti na majani, kisha hutandazwa udongo tena. Madirisha hayapo, au ni matundu madogo tu. Waliopita njiani waliidharau kwa kuwa ni nyeusi ndani na imeinama nje. Hawakuuliza kwa nini. Paa la udongo halishiki moto kwa urahisi kama paa la nyasi; upepo hauling'oi; jua la mchana haliliwashi, na baridi ya usiku haiingii upesi. Juu yake nafaka huanikwa. Moshi wa jikoni hufukuza mbu na kuzikausha boriti ili mchwa asizile haraka. Kwa mtu asiye na saruji wala bati, na mwenye miti ya kiasi, tembe ilikuwa jawabu la busara kwa maswali magumu.

Lakini jawabu moja huzaa maswali mengine. Nyumba yenye joto la kumfaa mtu huwafaa na wasiokuwa watu. Ndani ya tembe, au katika ua wake, walilala ndama, mbuzi na kuku. Ndani yake pia vilisimama vilindo na vihenge vya nafaka. Palipo nafaka panya huja bila kualikwa, na panya mweusi, yule anayekaa darini na kwenye boriti, ni mgeni wa kale aliyetoka Asia: mifupa yake imefukuliwa katika mji wa Unguja Ukuu uliokuwa bandari ya kwanza kwanza ya Zanzibar, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alipanda jahazi pamoja na shehena, na tangu pwani akaendelea na safari ya bara kwa kufuata chakula cha binadamu.

Nyuma ya panya huja paka. Kiswahili kinampa mnyama huyu majina kwa kadiri ya ukaribu wake na mwanadamu. Kuna paka tu, ambaye ana mwenyewe. Kuna paka shume, ambaye hana mwenyewe, hukaa ukingoni mwa makazi, huiba na kupigana usiku. Na kuna kimburu, paka wa porini, ambaye hadi leo huishi katika nyika za Tanzania na huweza kuzaa na paka wa mjini kwa kuwa ni wa ukoo mmoja. Methali hutenganisha vyeo hivyo: paka wa nyumba haingwa. Maana yake shume huingwa. Hata hivyo katika nyumba nyingi za kijijini mpaka huo haukuwa imara. Paka hakupewa chakula cha kutosha kwa kuwa iliaminika kwamba akishiba hatawinda. Akaishi nusu ndani na nusu nje, akiitwa wakati wa panya na kufukuzwa wakati wa maziwa. Si mtumwa wala si mwanafamilia. Ni jirani mwenye faida.

Yupo mwingine wa nyumba ile ambaye paka hana uwezo naye. Huyo ni papasi. Katika Kiswahili huhesabiwa miongoni mwa wadudu, ijapokuwa wataalamu wa viumbe humweka katika jamii ya kupe, kwa kuwa ana miguu minane. Kupe wa ng'ombe humng'ang'ania mnyama siku nyingi, lakini papasi hana haja ya kupanda gari la mtu. Mchana hujificha katika vumbi la sakafu na nyufa za ukuta. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi usiotimia saa, kisha hurudi alikotoka. Kwa sababu hiyo alalaye chini juu ya ngozi humwona mara chache sana. Aweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akimngoja mwenye nyumba aliyesafiri. Tena huwarithisha watoto wake si tabia tu, bali na vijidudu vya maradhi vyenye umbo la parafujo, ambavyo hupita ndani ya mayai yake. Maradhi yenyewe ni homa ya papasi: mtu huungua siku chache, hupoa hata akadhani amepona, kisha homa humrudia, na kurudia tena.

Homa hii iliingia katika vitabu vya matabibu kwa njia ya misafara. Barabara kuu ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, ilipita Ugogo na kuingia Mgunda Mkali, pori la sifa mbaya ambalo sehemu yake leo imo katika upande wa Manyoni. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857, na wapagazi wasiohesabika walipita kabla yao na baada yao. Wajerumani walipoitwaa nchi walijenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kila kituo kilikuwa na vibanda, na kila kibanda kilikuwa na vumbi lililolaliwa na watu wa kila kabila. Mwaka 1905 Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyekuwa na jina kubwa duniani, alimchunguza papasi katika vibanda vya njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaonyesha jinsi vijidudu vinavyopita katika mayai yake. Mwaka huo huo, upande wa mashariki wa Kongo, Mwingereza Joseph Everett Dutton alikuwa akichunguza jambo lilo hilo. Dutton aliambukizwa, akafa Kasongo mwezi wa Februari, na jina lake likapewa kijidudu kilichomwua.

Katika uchunguzi ule palitokea jambo la kushangaza. Papasi walionekana hata katika nyumba ambazo wenyewe walikuwa wazima. Wasafiri, askari na wapagazi wa mbali waliugua. Wenyeji walilala pale pale na kuamka kwenda shambani. Koch alielewa kuwa mwenyeji alikuwa amepata kinga kwa kuumwa tangu utotoni. Ushauri uliotolewa kwa wasafiri ukawa kulala katika hema, mbali na vibanda vya zamani. Kiswahili kina usemi mzuri wa ukarimu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika vibanda vya papasi usemi huu ulipinduka. Mgeni alikuja, na aliyehitaji kupona ni yeye.

Hapa ndipo wengi, Wazungu kwa Waafrika, walipokosea hesabu. Mzungu alipoona mwenyeji haugui alisema kwamba mwili wa Mwafrika umezoea uchafu, akaridhika kuihamisha hema yake. Mzee wa nyumba naye alipoona wageni wakitetemeka kwa homa alisema kwamba papasi anawajua watu wake, hawadhuru. Kauli hizi mbili hupingana kwa nia, lakini zote mbili humwita shahidi mmoja, yaani mtu mzima aliyesalimika. Hakuna aliyewaita mashahidi wengine. Kinga ya mtu mzima hupatikana kwa ugonjwa wa mtoto. Ili mzee mmoja aweze kulala juu ya vumbi bila homa, yeye mwenyewe alipaswa kuugua na kupona akiwa mdogo, na wadogo zake waliougua bila kupona hawakuwapo kutoa ushahidi. Homa ya papasi huwaelemea hasa watoto wa chini ya miaka mitano na wanawake wajawazito, ambao huweza kuharibu mimba au kuzaa mtoto aliyekwisha ambukizwa. Kwa hiyo lililoitwa kuzoea lilikuwa kodi. Ililipwa na wasioweza kusema, na stakabadhi yake ilionyeshwa na waliobaki.

Paka naye ana hesabu yake katika daftari hilo, na hesabu yake ni ya tauni. Mwishoni mwa karne ya 19 maradhi haya yalichunguzwa huko Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, na Koch alipata habari zake mwaka 1897 na 1898. Wenyeji wa Kiziba walikuwa wanajua tayari kwamba panya wakianza kufa ovyo nyumbani, yafaa kuhama. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Singida ilihesabiwa, pamoja na majirani zake Mbulu na Kondoa, miongoni mwa sehemu za Tanganyika zilizoguswa na tauni. Palipo na tauni ya panya, shauri la kwanza kumjia mtu ni paka. Koch mwenyewe, alipozuru Japani mwaka 1908, aliwashauri watu wa huko wafuge paka.

Shauri hilo lilikuwa na ukweli, wala halikuwa na ukweli wote. Miaka kumi kabla yake, mwezi wa Juni 1898, Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha mjini Karachi kwamba tauni hutoka kwa panya mmoja kwenda kwa mwingine kwa njia ya viroboto. Na alipotaka kuongeza viroboto juu ya panya wake mgonjwa, aliwatoa katika manyoya ya paka. Tukio hilo dogo lina fundisho kamili. Paka aliyemwondoa panya ndiye huyo huyo aliyembeba kiroboto na kuingia naye mpaka kitandani. Zaidi ya hayo paka huugua tauni mwenyewe: nchini Marekani, kati ya mwaka 1977 na 1998, watu 23 walihesabiwa kuwa waliambukizwa na paka. Na katika Lushoto, ambako tauni iliwashika maelfu ya watu tangu mwaka 1980 hadi mwanzo wa karne hii, wachunguzi walikuta kwamba vijiji vilivyosumbuliwa zaidi vilikuwa na wingi wa kiroboto wa binadamu, yule yule wa methali, aliye nguoni.

Si wote waliomo katika vumbi la tembe waliokuwa wa kale. Tekenya, ambaye huchimba kidole cha mguu na kutaga mayai humo, alitoka Brazili na kushuka Angola mwaka 1872. Kabla ya karne kwisha alikuwa amelivuka bara lote kwa miguu ya wapagazi na askari, akaifikia pwani ya Bahari ya Hindi. Mbwa, nguruwe na paka humtunza kama watu wamtunzavyo. Dumuzi wa mahindi, mzaliwa wa Amerika ya Kati, alitambuliwa Tabora, jirani wa Singida, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakampa jina la Scania, kwa kumfananisha na lori kubwa. Aliyeshika uwele na mtama wa asili aliumizwa naye kidogo kuliko aliyekwisha hamia kwenye mahindi. Basi nyumba ya Singida, ijapokuwa mbali na bahari, haikuwa na mlango uliofungwa. Kila njia iliyoleta bidhaa ilileta na mdudu wake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja imani mpya, imani ya dawa. DDT iliua mbu na viroboto kwa namna ambayo haikupata kuonekana. Papasi aliistahimili; kwa ajili yake ilitumiwa dawa nyingine, iliyojulikana kwa jina la gammexane. Wadudu walipungua palipopuliziwa na wakarudi palipoachwa, maana ufa wa ukuta ulikuwa ungalipo. Kadhalika sumu ya panya: panya aliyekula sumu hufa polepole, paka humdaka kwa urahisi, na paka hufa baada yake. Kisha panya huzaana upesi kuliko paka, na nyumba ikajikuta ina panya wale wale bila mlinzi. Dawa haikuwa adui wala haikuwa bure. Kosa lilikuwa kudhani kwamba nyumba ni orodha ya maadui ambao huuawa mmoja mmoja.

Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi ya kuwahamisha watu ilipangwa kwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Mwaka huo wa 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana habari za maji, vyoo na maradhi. Katika mikoa ya kati tembe nyingi ziliachwa. Nyumba mpya, za matofali na mapaa ya nyasi au bati, zilisimama kwa mistari kando ya barabara. Tembe ikafanywa alama ya ujinga, na kijana aliyezaliwa ndani yake akafundishwa kuionea haya.

Je, tembe ndiyo iliyokuwa na hatia? Jirani wa Singida hutoa jawabu. Katika eneo la Mvumi, mkoani Dodoma, homa ya papasi iliendelea kuwaua watoto hadi mwisho wa karne ya 20. Taarifa iliyotolewa mwaka 1998 ilionyesha kuwa nyumba zilipopuliziwa dawa dhidi ya papasi, ugonjwa ulipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Na mwaka 2007 wachunguzi walieleza kuwa vijidudu vya homa hiyo vimekutwa ndani ya kuku na nguruwe waishio karibu na watu. Maelezo haya, yakiunganishwa, yanaonyesha kwamba papasi hapendi paa bapa kuliko paa la bati. Apendacho ni vumbi, ufa, na damu iliyolala karibu na ardhi. Nyumba ya matofali yenye sakafu ya mavumbi na kuku chini ya kitanda ni tembe mbele ya papasi, hata ikiezekwa kwa bati lililong'aa. Tembe iliyosiribwa vizuri, yenye vitanda, ambayo kuku na mbuzi wamejengewa banda lao, si tembe kwake.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ambayo haikuandikwa na tabibu wala mtawala. Mwanamke wa Singida aliyechota udongo na samadi akasiriba sakafu na ukuta, akaziba nyufa na kulaza vumbi, alikuwa akipigana vita vile vile vya Koch bila darubini, na ilimpasa kuvirudia kila msimu, kwa kuwa udongo hukauka na kupasuka. Yeye ndiye aliyejua gharama ya kuacha. Kama maarifa yake yangaliulizwa wakati wa kupanga nyumba mpya, yamkini sakafu ingalitajwa kabla ya paa.

Na paka? Astahili kupewa haki yake, isipungue wala isizidi. Amlindaye mwenye nyumba dhidi ya panya ana faida, na kumwua au kumwachia sumu ni kuvunja ukuta kwa mkono wa mwenyewe. Lakini anayelala na mtoto mgonjwa, hali viroboto wake hawakuondolewa, huleta alichokwenda kukizuia. Paka wa nyumba haingwa; walakini hutazamwa. Kuishi pamoja na viumbe hawa hakukuwa aibu ya watu wa Singida wala hakukuwa ujuzi wa siri wa kusifiwa. Kulikuwa ni maisha katika nchi kavu, yenye faida na hasara, na hasara yake ilianguka zaidi juu ya wadogo. Anayeandika historia ya nyumba za kale, akitaka kuwasifu wakazi wake kwa uvumilivu, na awahesabu kwanza watoto ambao hawakufika umri wa kuvumilia.